MNUNUZI TUSIYEMJUA: TUMPIMIE KWA KIPIMO GANI?

Fundisho kwa waamini wa Mpofi na wa parokia jirani

Masomo: Mwanzo 23, Walawi 19:33-36, Yosua 9, Yeremia 32:6-15, Luka 16:10, Matendo ya Mitume 9:26-28.

 

Siku hizi biashara yetu haifanyiki sokoni peke yake. Mama anapiga picha ya magunia yake ya maharagi au bidoni zake za mafuta ya mawese, anaituma katika WhatsApp mahali simu inaposhika, na picha inakwenda mbali kuliko miguu yake. Kesho yake simu inalia. Sauti asiyoijua inasema, "Mama, nimeona mali yako. Nitumie magunia sita." Mtu huyo hajawahi kununua kwake hata kilo moja. Hajulikani baba yake wala nyumba yake. Mama anakuja kwa mashemasi na kuuliza, "Nimpe ao nimkatalie?"

Katika Kanisa tumesikia majibu mawili. Wa kwanza wanasema, "Mkristo anaamini watu wote. Umpe, Mungu atakulipa." Wa pili wanasema, "Asiye wa kwetu ni mwizi. Usimpe." Sisi tunasema kwamba majibu haya mawili yote yanapotea njia. Mnunuzi asiye na historia si mwizi, wala si ndugu tuliyemjaribu tayari. Ni mtu ambaye hajapata shahidi bado. Kazi yetu ni kumfungulia njia apate ushahidi wake hatua kwa hatua, bila kutupa jasho letu na bila kumtukana.

1. KWA NINI FUNDISHO HILI SASA?

Zamani mnunuzi alikuwa na uso. Barabara inayotoka Sake, inayopita Masisi na Nyabiondo, inayofika kwetu Mpofi na kuendelea Walikale, ilikuwa kama kaye kubwa ya majina. Maharagi yalishuka kutoka milima ya Masisi, mafuta ya mawese yalitoka msitu wa Walikale, na kila mchuuzi alikuwa na kiliya wake. Aliyekopa leo alirudi siku ya soko, kwa sababu alijua kwamba asiporudi, habari yake itamtangulia njiani.

Vita vimepasua kaye hiyo. Mwanzoni mwa Januari 2025 vita vilifika Masisi katikati, mwishoni mwa mwezi huo vikafika mji wa Goma, na mwezi wa Machi vikafika Walikale katikati. Mabenki ya Goma yalifunga milango mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi wa Februari, kambi nyingi za wakimbizi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu wengi walishika njia wakiwa na mizigo kichwani. Wanunuzi wetu wa zamani walitawanyika, wengine wakafa, wengine wakapoteza namba zao za simu. Anayetupigia leo mara nyingi ni mgeni, kwa sababu wenyeji wamegeuka kuwa wageni.

Tena feza yenyewe imebadili njia. Kenya ilianza M-Pesa mwezi wa Machi 2007, na katika Kongo yetu Vodacom iliileta mwaka 2012. Leo mtu wa Goma au wa Bukavu anaweza kulipa mtu aliye mbali bila kumwona. Ni baraka, kwa sababu mwenye kubeba feza mfukoni katika barabara zetu anabeba kifo chake. Lakini pahali feza inapopita bila uso, udanganyifu nao unapita bila uso.

Mashemasi tunaona jambo hili kwa upande mwingine pia. Gunia lililopotea si gunia tu. Ni minerval ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni mbegu za msimu unaokuja, ni feza ambayo ingefika katika nsinsani. Na mgeni aliyekataliwa si mgeni tu. Pengine ni mama aliyerudi kwenye shamba lake na kukuta majani matupu, anayetafuta mbegu za kupanda kabla mvua haijapita. Pande zote mbili kuna tumbo la mtoto.

2. ABRAHAMU ALIKUWA MNUNUZI MGENI

Tufungue Mwanzo 23. Sara amekufa Hebroni. Abrahamu hana hata shamba dogo la kumzika mke wake. Anasimama mbele ya Wahiti na kusema wazi kwamba yeye ni mgeni na msafiri kati yao. Katika mambo ya ardhi hana historia yoyote kwao.

Tuangalie jinsi alivyofanya, kwa maana humo kuna mafundisho manne.

Kwanza, hakwenda kwa Efroni peke yake kwa siri. Aliomba wenyeji wamwombee kwa Efroni. Mgeni mwema haogopi mtu wa katikati.

Pili, Efroni alipomwambia kwamba atampa shamba bure, Abrahamu hakukubali. Alitaka kulipa bei kamili. Mnunuzi wa kweli haoni haya kulipa.

Tatu, alipima feza, shekeli 400, mbele ya watu waliokusanyika penye mlango wa mji. Feza ilionekana kwa macho na kupimwa kwa mizani kabla shamba halijawa lake.

Ine, mali iliandikwa vizuri: shamba, pango lililo ndani yake, na miti yote iliyo katika mipaka yake. Hakuna neno lililobaki gizani.

Basi tunaona kwamba Efroni hakumdharau Abrahamu kwa sababu ya ugeni wake, na Abrahamu hakukasirika kwa sababu feza yake ilipimwa. Ndugu, ukimwomba mnunuzi mpya alipe kwanza sehemu ya feza naye akakasirika na kusema, "Unanifanya mwizi?" umwambie kwa upole kwamba hata baba wa imani feza yake ilipimwa penye mlango wa mji. Wewe kwa upande wako, ukiwa mnunuzi, usikasirike unapopimwa.

3. MKATE WA WAGIBEONI

Sasa tufungue Yosua 9. Wagibeoni walikaa karibu, lakini walitaka waonekane watu wa mbali. Walifanya nini? Walileta ushuhuda. Magunia ya zamani juu ya punda, viriba vilivyopasuka na kushonwa, viatu vilivyotiwa viraka, mkate mkavu wenye ukungu. Kila kitu kilisema, "Tumetoka mbali." Wakubwa wa Israeli walichukua chakula kile mikononi, wakaamini, wala hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu walijua kwamba wale ni jirani zao.

Kosa lao halikuwa kuongea na wageni. Kosa lao lilikuwa kuamini ushuhuda ulioletwa na yule yule anayepaswa kushuhudiwa, na kufanya haraka. Mkate wa Wagibeoni upo hata leo, ila umeingia katika simu. Tutaje namna zake, ili hata kijana na mama mzee wazitambue.

Namna ya kwanza ni ujumbe wa uongo. Simu inalia, unasoma kwamba umepokea feza. Maneno yanafanana na ya kampuni, lakini yameandikwa na mtu. Ndugu, feza haikai katika ujumbe. Feza inakaa katika salio. Fungua hesabu yako mwenyewe, kwa simu yako mwenyewe, uangalie salio. Kama salio halikuongezeka, hujalipwa, hata kama ujumbe una maneno mazuri namna gani.

Namna ya pili ni picha. Mnunuzi anakutumia picha ya uso wa simu yake na kusema, "Ona, nimetuma." Picha inatengenezwa. Hiyo ndiyo mkate wenye ukungu. Jibu ni lile lile: salio.

Namna ya tatu ni mchezo wa franka na dola. Katika nchi yetu hesabu ya simu ina mifuko miwili, wa franka na wa dola. Mmepatana dola 50, naye anatuma franka 50, ambazo hazinunui hata kiberiti. Anayesoma namba bila kusoma jina la feza atatoa gunia. Soma vyote viwili.

Namna ya ine ni kusema, "Nimekosea, nirudishie." Unapata ujumbe wa feza nyingi kuliko bei, halafu mtu analia katika simu kwamba amezidisha, umrudishie tofauti, au umlipe motari kwa niaba yake. Mara nyingi feza ile haikuingia kabisa, nawe unarudisha feza yako mwenyewe. Angalia salio kwanza. Kama kweli feza imeingia kwa kosa, usiile, kwa maana si yako. Lakini usiirudishe kwa namba nyingine unayotajiwa. Nenda kabini, mwenye kabini awe shahidi, na kosa litengenezwe kwa njia ya kampuni.

Namna ya tano ni kuombwa namba ya siri. Hakuna mtu anayehitaji namba yako ya siri ili akutumie feza. Anayeiomba, hata akisema yeye ni mfanyakazi wa kampuni, hata akikuita mama au mchungaji, anataka kuingia nyumbani mwako usiku.

Namna ya sita ni haraka. "Gari inaondoka sasa, pakia, feza inakuja." Israeli walifunga agano kwa haraka, wakapata siku tatu za kujuta. Gari ikienda, nyingine itakuja. Neno la kungoja halijaua biashara njema.

Tena tuangalie jambo moja ambalo wengi wanalipita. Israeli walipojua kwamba wamedanganywa, hawakuvunja kiapo. Walisikia uchungu, lakini walilinda neno lao. Basi ukishapokea feza ya mnunuzi, hata kama baadaye unasikia kwamba bei imepanda Goma, usirudi nyuma. Neno lako limekwisha kutoka.

4. BARNABA ALISEMA ALIYOYAJUA

Katika Matendo ya Mitume 9, Saulo anafika Yerusalemu na kutaka kujiunga na wanafunzi. Wote wanamwogopa. Historia yake ilikuwa mbaya kuliko kukosa historia. Hapo Barnaba anamshika na kumpeleka kwa mitume.

Tusikilize Barnaba alisema nini. Hakusema tu, "Ninamjua, ni mtu mzuri." Alieleza mambo: jinsi Saulo alivyomwona Bwana njiani, jinsi Bwana alivyosema naye, na jinsi alivyohubiri kwa uhodari katika Damasko. Shahidi wa kweli anasema matendo aliyoyajua. Anayesema tu, "Huyu ni mtu wetu," hajashuhudia neno lolote.

Kwa hiyo, mnunuzi mpya akisema, "Nimetumwa na fulani," usiishie kwa jina. Umpigie fulani mwenyewe kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si kwa namba aliyokupa mgeni. Umwulize: Amenunua kwako mara ngapi? Alilipa siku gani? Alichelewa? Alichelewa kwa sababu gani? Dakika mbili za maulizo zinaokoa kazi ya msimu mzima.

Nawe ukiombwa uwe Barnaba wa mtu, usikatae kwa woga na usikubali kwa haya. Kitabu cha Mezali 11:15 kinaonya kwamba anayejitoa dhamana kwa mtu asiyemjua ataumia. Sema unachokijua, na kama hujui sema hujui. Mashemasi pia tunawaomba msitupe mzigo usio wetu. Shemasi anaweza kusema kwamba mtu fulani anasali nasi na anatimiza ahadi zake katika kazi ya Kanisa. Hawezi kulipa madeni yake kutoka sanduku la sadaka, kwa maana sadaka ile ina Mwenyewe.

5. SIFURI SI ALAMA YA WIZI

Mataifa makubwa pia yameonja tabu hii. Huko Marekani, mwaka 1995, mtu anayeitwa Pierre Omidyar alifungua soko la mnada kwa njia ya intaneti, ambalo leo linaitwa eBay. Watu wasioonana waliuziana vitu. Mwaka 1996 aliweka utaratibu kwamba baada ya kila biashara muuzaji na mnunuzi waandikiane ushuhuda mbele ya wote. Aliyekuwa mpya alibaki na sifuri kando ya jina lake. Wauzaji wengi waliogopa sifuri ile. Lakini kila mnunuzi mwaminifu wa soko lile alikuwa na sifuri siku yake ya kwanza. Kama wote wangekataa sifuri, soko lingekufa na wauzaji wake wote.

Mwaka 2008 soko hilo liliondoa ruhusa ya wauzaji kuwaandikia wanunuzi ushuhuda mbaya. Sababu ilikuwa nini? Wauzaji wengine walikuwa wanautumia kulipiza kisasi: mnunuzi akisema mali ni mbaya, naye anaandikwa mbaya. Hapo ushuhuda ulipoteza ladha yake. Jambo hilo lina fundisho kwetu. Ukiudhiwa na mnunuzi, usitangaze jina lake Siku ya Yenga penye mlango wa hekalu kwamba ni mwizi, kabla mambo hayajachunguzwa. Jina la mtu likichafuliwa kwa hasira, halisafishwi kwa sabuni.

Masoko mengine ya intaneti katika Afrika, kama Jumia iliyoanza Lagos mwaka 2012, yalichagua njia nyingine: mnunuzi analipa mali ikifika mlangoni pake. Ni njia nzuri kwa mnunuzi anayeogopa. Lakini katika barabara yetu ni hatari kwa muuzaji. Magunia yakifika na kukataliwa, nani atalipa kuyarudisha? Na motari akipokea feza nyingi njiani, nani atamlinda? Kwa hiyo sisi tunashauri njia ya katikati, ambayo tunaieleza hapa chini.

6. NJIA YA HATUA TANO

Bwana wetu katika Luka 16:10 anaonyesha kwamba uaminifu wa jambo kubwa unajulikana katika jambo dogo. Hiyo ndiyo njia yetu yote.

Hatua ya kwanza: anza na kidogo. Mnunuzi mpya akiomba magunia sita, mwambie, "Kwa mara ya kwanza tunaanza na moja." Mwenye nia njema ataona uzito kidogo, lakini atakubali. Mdanganyifu hataki gunia moja, kwa maana tabu ya kudanganya ni ile ile kwa moja na kwa sita. Na kipimo cha kidogo ni hiki: kiwe kitu ambacho kikipotea, watoto wako watakula bado.

Hatua ya pili: avansi. Kabla mali haijatoka nyumbani, apokee muuzaji sehemu ya feza inayotosha kulipa kazi na usafirishaji. Sehemu inayobaki ilipwe mali ikiwa imeonekana na mtu wa mnunuzi, lakini kabla haijaachiliwa mkononi mwake. Muuzaji aone salio, halafu ampigie motari aseme, "Toa." Motari asipokee feza, ila mali tu. Pahali ambapo simu haishiki, feza yote ilipwe kabla ya safari, au mali isitoke.

Hatua ya tatu: andika. Kila muuzaji awe na kaye. Andika tarehe, jina, namba ya simu, mali, uzito, bei, feza iliyopokelewa, na jina la mbebaji. Kaye hii ndiyo historia. Baada ya biashara tatu au ine nzuri, mtu yule si mgeni tena. Mwongezee kipimo. Itakuwa dhambi kumfanya mgeni siku zote mtu aliyekwisha kuonyesha uaminifu.

Hatua ya ine: shahidi. Mama asiuze mali kubwa kwa mtu asiyemjua bila mtu wa pili kujua. Bwana wake, au mtoto mkubwa, au mama mwenzake katika chama, asome ujumbe pamoja naye. Mdanganyifu anapenda mtu aliye peke yake.

Hatua ya tano: ingoje feza, usiikimbilie. Kama bei ambayo mgeni anataja inapita sana bei ya soko, ujiulize kwa nini. Chambo kikubwa kinafichwa kwa ndoano.

7. KIPIMO KIMOJA KWA WOTE

Wapendwa, hapa tunafika kwenye moyo wa fundisho. Hatua hizi tano tunazifuata kwa nani? Katika eneo letu kuna watu wa makabila mengi, na vita vimetia sumu katika masikio yetu. Mtu anasikia sauti katika simu, anasikia lugha yake, au jina lake, na palepale anaamua: huyu nimpe bila avansi, yule nisimpe hata akilipa yote. Tunasema wazi: jina la kabila si historia ya ununuzi. Lafudhi ya mtu haionyeshi kama analipa madeni. Wadanganyifu wanalijua jambo hili, na mara nyingi anayekuja kudanganya anakuja na lugha yako, akiulizia shangazi yako. Kumbukeni Wagibeoni walivyovaa mavazi yaliyopendeza macho ya waliotaka kuamini.

Walawi 19 inaweka mambo mawili pamoja. Katika aya ya 33 na 34 Mungu anaamuru mgeni asionewe, bali apendwe kama mwenyeji, kwa maana Israeli nao walikuwa wageni Misri. Mara moja, katika aya ya 35 na 36, anaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Kwa nini mgeni na mizani vikae jirani? Kwa sababu ni kwa mizani ndipo mgeni anaona kama tunampenda kweli. Basi kama tunaomba avansi, tuiombe kwa wote walio wapya. Kama tunaanza na gunia moja, tuanze na gunia moja kwa mtoto wa mjomba pia, ikiwa hatujawahi kufanya biashara naye. Kipimo kikiwa kimoja, hakuna anayetukanwa.

Na mizani ina pande mbili. Mnunuzi wa mbali naye hatujui sisi. Anatuma feza yake kwa mtu wa Mpofi ambaye hajamwona. Kwake yeye, sisi ndio tusio na historia. Je, tukitia maharagi mazuri juu na mabovu chini ya gunia, au maji katika mafuta ya mawese, au kupunguza kilo, nani hapo ni mdanganyifu? Tupige picha ya mali ile ile tutakayotuma, tupime mbele ya mbebaji, tumwambie mnunuzi kasoro kabla hajalipa.

8. UPENDO, AMRI, KAZI

Kanisa letu lilifundishwa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Tuyatie katika biashara hii. Upendo unatukataza kumwita mgeni mwizi. Amri inatupa kipimo kimoja kwa wote. Kazi inatukataza kutupa jasho letu kwa mdanganyifu na kusema ni imani.

Tukumbuke pia tulikotoka. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na mwaka ule ule akafungwa. Alikufa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lilipata kutambuliwa na serikali ya wakoloni tarehe 24 Desemba 1959 tu. Miaka 38 hatukuwa na karatasi yoyote ya kutushuhudia. Machoni pa wakubwa tulikuwa sifuri. Watoto wa Kanisa kama hili hawawezi kumdharau mtu kwa sababu tu hana karatasi.

Na kama mtu anasema, "Vita havijaisha, biashara gani hii?" asome Yeremia 32. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, Yeremia mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi, naye ananunua shamba la Anatoti. Alipima shekeli 17, aliita mashahidi, aliandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, na Baruku akaziweka katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Hakuacha utaratibu kwa sababu ya vita. Kwa sababu ya vita alishika utaratibu zaidi. Kaye yako, mama, ndiyo chombo chako cha udongo. Siku amani itakaporudi katika barabara hii, majina yaliyoandikwa humo ndiyo yatakayoanza soko upya.

MAULIZO YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Abrahamu alifanya nini ili Wahiti waweze kumwamini katika mambo ya shamba?
2. Wagibeoni walileta ushuhuda gani, na ushuhuda wa namna hiyo unakuja kwetu leo kwa njia zipi?
3. Barnaba alieleza nini juu ya Saulo? Wewe ungeeleza nini juu ya mtu unayemjua sokoni?
4. Je, katika kaye yetu kuna mtu tuliyempa kwa sababu ya kabila lake, au tuliyemkatalia kwa sababu hiyo?
5. Chama cha mamama na vijana wapatane: kwa mnunuzi mpya tutaanza na kipimo gani, na avansi gani, ili iwe moja kwa wote?

Tunawaomba viongozi wa vyama watenge saa moja baada ya ibada ya Siku ya Yenga ili neno la tano lijibiwe na kuandikwa. Vijana wanaojua simu vizuri wawafundishe mamama wazee kuangalia salio, kila mmoja kwa simu yake, bila kuuliza namba yake ya siri.

Bwana abariki kazi ya mikono yetu, atufungulie barabara, na atupe macho ya kumwona mgeni kama mtu. Amina.